Mgogo Aliyezikwa Bila Utani

Makole, Dodoma
Jumapili ya pili ya mwezi wa nane. Hiki ni kiangazi cha nne tangu nitoke Urambo. Wewe uliondoka mvua zilizopita.

Kocha,

Sijui kama aliyelala huamkiwa. Shikamoo.

Mpira wa kikapu unadunda Makole. Jua likizama, uwanja ukiwa mtupu, mimi natoka kwenye zege nakata njia pale, nausikia. Unadunda upesi upesi, unanyamaza, halafu mara moja tu. Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiudunda kabla ya kurusha. Mwanzoni nilisema ni uchovu. Kisha Juma wa bajaji akaniuliza, "Na wewe umeusikia?" Siku hizi hapaki tena pale.

Nakumbuka tulivyojuana. Sisi tulikuwa tunajenga bweni la chuo, wewe unafundisha timu ya wanafunzi upande wa pili wa ukuta, mchezaji mmoja akaumwa. Ukaja mpaka kwenye lundo la mchanga. "Wewe mrefu, kabila gani?" Nikasema Mnyamwezi. Ukacheka mpaka filimbi ikakudondoka mdomoni. "Mtani! Babu zako walibeba mizigo ya watu hadi pwani. Weka ndoo chini, leo ubebe mpira." Nikakujibu kwamba Mgogo aliyekuzwa kwa mlenda hawezi kunifundisha kudaka, maana kila kitu kinamteleza. Wanafunzi wako wakaduwaa, mwalimu wao anatukanwa na kibarua. Mimi wa darasa la sita, katikati ya watu wa digrii, na ulinifokea sawasawa na wao. Hilo sijalisahau.

Halafu wakakupa ofisi. Ukawa bosi wa michezo, una gari, una tai. Nilidhani basi, nimekupoteza. Jumamosi ukaja Makole na viatu vya ofisini, ukatukusanya sisi wa zege na wa bajaji ukatufanya timu. Ukaniambia, "Mtani, kule ofisini kila mtu ana mpira, hakuna anayetoa pasi." Ulihangaika na wakubwa mpaka uwanja ule ukasakafiwa upya, na mimi nilikuwa kwenye genge lililomwaga zege yake. Lakini ulikuwa unakonda. Nilikuambia hiyo tai inakunyonga, ukacheka. Presha ikakukuta kikaoni.

Siku ya mazishi nilitoka kazini Zuzu na matope yangu miguuni, nikaja kijijini kwenu na maneno yangu tayari. Nilitaka nijilaze ukingoni mwa kaburi, niseme huyu Mgogo hazikwi mpaka nilipwe. Ndivyo mtani anavyomsindikiza mtani wake: watu wanalia, yeye anawachekesha, marehemu anaondoka mwepesi. Lakini mazishi yako yalikuwa ya ofisi. Maturubai, ratiba, hotuba. Nilipofungua mdomo tu, "Mgogo mvivu wewe, amka!" kijana mwenye beji akanishika mkono. "Mzee, heshima. Viongozi wapo." Nikasukumwa nyuma ya maturubai. Ukafukiwa kimya, kama mtu asiye na watani.

Mke wako aliona. Juzi Mama Neema alinifuata saiti, akasimama kwenye vumbi la saruji na kanga yake. Alisema kule nyumbani kwenu Area D viatu vyako vinasikika barazani kila jioni, na binti yenu Neema anakataa kula, anasubiri mlango ufunguliwe. "Aliondoka bila kuchekwa. Njoo umalizie." Nikakubali. Alipoondoka, koleo likanishinda.

Nikuambie ukweli, Kocha. Ule mpira unanitisha, lakini nakata njia pale makusudi. Mji huu mimi ni "wewe mrefu", "kijana wa zege". Aliyeniita mtani ni wewe tu. Nikishakucheka utaondoka kweli.

Lakini mtoto lazima ale.

Kwa hiyo Jumamosi tunakuja, mimi na mke wako na Neema. Nitakanyaga kaburi lako na mabuti yenye saruji. Nitasema hukuugua, ulikwepa kikao. Nitasema Wanyamwezi tulibeba pembe za ndovu hatukulalamika, ila uvivu wa Mgogo mmoja umetushinda uzito. Nitasema mengine ambayo hayaandikiki. Mama Neema atacheka, namjua. Ukisikia amecheka, nenda. Usigeuke.

Timu haitavunjika, nakuahidi. Nimewaambia vijana nitasimama mimi, na atakayebania mpira atanitambua. Ila kwanza Jumatatu yake napanda treni kwenda Urambo, wanangu wameanza kuisahau sura yangu. Nitarudi mvua za kwanza zikianguka, kabla ya Krismasi. Nikishuka stesheni nitapita uwanjani kabla ya kutua mzigo.

Naomba nisiusikie mpira, nisikute mtu.

Kwaheri, Mgogo.
Mimi mtani wako