Shamba Lililonyolewa

Kaka mkubwa,

Salamu nakuletea, ingawa hukuziomba na mimi sikupenda kuzituma. Mama ndiye kasema barua haianzi kwa matusi. Basi, hujambo? Shemeji hajambo? Huku mama ni mzima wa mwili. Mimi nina afya ya punda na hasira za nyuki.

Ulipokuja likizo na viatu vyako vyeupe, majirani walikucheka kwamba shamba letu ni chafu, mabua yamelala ovyo kama walevi. Ukaona haya. Mama alikueleza kwa upole kwamba yale mabua ni blanketi la udongo: jua likiwaka, chini hubaki unyevu, mvua ikipiga, hupiga mabua kwanza. Akakukumbusha msimu wa ukame, wenzetu walipovuna majani matupu nasi tukajaza ghala. Hata mimi, niliyeacha shule kabla haijaniacha, nilimcheka alipoanza mambo hayo, ila tumbo liliposhiba nikanyamaza. Wewe ukaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Tulipokwenda mashineni kusaga, ukayakusanya yote ukayatia moto. Tuliporudi ulikuwa umesimama kwenye majivu, mikono kiunoni, unatuambia shamba sasa limenyolewa, linapumua. Majirani wakakupongeza. Kesho yake ukapanda basi.

Sasa sikiliza lilivyopumua. Tulipanda. Mvua ikachelewa, mahindi yakachipua kwa taabu, kisha ikaja yote kwa mkupuo kama mtu aliyetumwa kubomoa. Udongo mweusi ukateremka pamoja na miche mpaka mtaroni kando ya barabara. Mimi nakimbia na jembe kuzuia maji. We acha, hata jogoo alinihurumia. Kulipotulia mama aliinama, akachota kilichobaki. Changarawe. Akasema, "Mwanangu amenichomea udongo kwa sababu ya kuchekwa." Usidhani amesahau.

Nawe ukapiga simu kusema mvua ni kazi ya Mungu. Sawa, mvua ya Mungu. Kiberiti kilikuwa cha nani, bwana msafi? Mbegu za kurudia zilibaki kidogo, na zingesombwa hizo, mama asingekuwa na chakula cha mwaka.

Ndiyo maana nakuandikia, usije ukapata presha ukifika. Yale mawe ya msingi wa nyumba yako, uliyoyamwaga kiwanjani kwa lori ukakataza hata kuku asiyakalie, hayapo. Nimeyabeba yote kwa mkokoteni, nikayapanga mistari kukata mteremko wa shamba, ndipo tukapanda upya. Mvua ya juzi ilikuja na ubabe uleule, lakini maji yalipofika kwenye mawe yakapunguza mwendo, yakatema tope humohumo. Mbegu hazikwenda popote. Nimepanga vizuri kuliko fundi yeyote utakayemleta. Ukibisha, njoo upime.

Ukitaka kuyang'oa, yang'oe mbele ya mama. Mimi nilimwomba ruhusa nikidhani atakataa, maana wewe ndiye kipenzi chake. Alikwenda kiwanjani, akajitwika jiwe la kwanza mwenyewe.

Watoto wabusu mashavuni. Shemeji mwambie hana kosa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba, fundi wa mawe