Freti ya Pili na ya Tatu

Ikoma, 4 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo na ng'ombe wanashiba. Mimi mzima kabisa. Kazi ya dobi hapa loji inaendelea, mashuka hayaishi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikitaja gitaa tu unampa mama aongee. Siku naondoka ulisema nilichukue, nimpe yeyote anayelitaka, usilione tena nyumbani kwako. Baba, nimetii. Nimempa Specioza.

Usikasirike kwanza. Mtunza bustani wetu, Ombeni, hupiga gitaa kanisani, na mchana tukimaliza kuanika nguo ananifundisha. Wiki hii nimejua skeli ya pentatoniki! Ni noti tano tu: la, do, re, mi, so. Fa na ti hazimo, na ukishaziondoa hizo mbili hakuna noti inayogombana na mwenzake. Unapiga utakavyo na inakubali. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Vidole vinauma hadi kushika pasi ni shida, lakini sijali.

Nakuuliza wewe fundi: nifanyeje isikike kama muziki? Nikipiga mimi ni kama mtoto anayekariri tebo.

Barua analeta Vedasto, dereva wa gari la mboga. Mpe majibu yeye.

Mwanao,
Specioza

Nyanungu, 18 Februari 2024

Mwanangu Specioza,

Marahaba. Sisi wazima, ng'ombe wazima. Mama yako alicheka sana aliposoma uliyempa gitaa. Mimi sikucheka.

Unajua kwa nini sitaki habari hizo. Tangu karasha la kusagia mawe ya dhahabu linikate kidole cha pete na cha mwisho, mkono huu wa kushoto ni wa jembe. Miaka tisa sasa. Nilikuja huku kutoka Usukumani na sururu na gitaa, na vyote nimeviacha. Usiniite fundi.

Skeli si wimbo. Usipande na kushuka kama mtu anayehesabu ngazi. Chukua noti tatu, ziimbe kwanza kwa mdomo, kisha uzitafute. Na unyamaze katikati, maana hata mtu anayeongea huvuta pumzi. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo ya gitaa. Najua chako kinachungulia juu.

Basi. Usiniandikie tena mambo haya.

Baba yako,
Maige

Ikoma, 1 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Nisamehe, leo hata salamu zinanishinda. Umenikataza, na nikija likizo nitapiga magoti kuomba radhi, ila hili lazima nikuambie.

Jana nilipiga skeli ile kuanzia uzi mnene. Kila uzi una noti mbili tu. Ya kwanza ni uzi mtupu, hubonyezi kitu. Ya pili iko freti ya pili au ya tatu, vile vyuma vya shingoni (hapo namweleza mama). Nikatazama mkono wangu. Kidole cha shahada kinakaa freti ya pili, cha kati freti ya tatu. Vile vingine viwili, baba, vilikuwa vimekaa tu, havina kazi!

Sikuamini. Nikachukua kitambaa, nikavifunga hivyo viwili vikakunjwa kiganjani. Msimamizi wetu, Lilian, alidhani nimeungua na pasi, akakimbilia sanduku la dawa. Nikamwambia asubiri. Nikapiga nyuzi zote sita, kwenda na kurudi, sikukosa noti hata moja. Nikalia. Lilian naye akalia, hajui analilia nini.

Nimekuchorea upande wa pili wa karatasi. Nukta nyeusi ni kidole cha shahada, nyekundu ni cha kati. Hakuna nukta ya rangi ya tatu.

Ninalipenda hili gitaa, sikufichi. Lakini sema neno moja tu nikurudishie.

Mwanao,
Specioza

Nyanungu, 14 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mvua ni nzuri, mahindi yananifika kifuani.

Mchoro wako niliukunja nikauweka juu ya kabati. Baada ya wiki nikaushusha. Nimechora mistari sita kwa mkaa kwenye mpini wa jembe, na shambani nikipumzika vidole vinatembea humo. Jirani yetu Heche aliniona, akaenda kumuuliza mama yako kama naumwa.

Cha kati ni kizito, kinachelewa. Nakuambia wewe tu: naogopa. Miaka yote hii nimesema gitaa limenikataa kwa sababu ya mkono. Nikilishika tena likakataa, sitakuwa na la kusema.

Neno ulilotaka ni hili: lete.

Baba yako,
Maige

Ikoma, 12 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mko wazima, ingawa sina hakika na lolote.

Wiki tatu zimepita tangu Vedasto akukabidhi gitaa. Anasema ulishukuru, ukaingia ndani, ukafunga mlango. Nikipiga simu mama anasema upo, kisha anakata. Kama limekataa, kosa ni langu mimi niliyekuchokoza, si la mkono wako. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Specioza

Nyanungu, 19 Mei 2024

Mwanangu Specioza,

Hujambo? Sisi hatujambo. Usishangae kuona mwandiko wangu. Baba yako barua yako anayo hapa mbele yake, anasema atajibu akimaliza, na hamalizi.

Wiki mbili za kwanza alijifungia. Alikuwa anakosea, anatukana kwa Kisukuma, anaanza upya, na alinikataza kukuambia. Ndiyo maana nilikuwa nakata simu, maana ungemsikia. Anasema ukija mwezi wa sita mtapokezana, na kwamba gumba lako bado linachungulia.

Juzi mchana alitoa kiti nje, watu wakipita, akapiga. Heche alikuwa anarudisha ng'ombe wake. Alisimama njiani kusikiliza, akawasahau, wakaingia kwenye mahindi yetu. Baba yako alikuwa amefumba macho, hakuwaona. Mimi niliwaona. Tangu niolewe sijawahi kuacha ng'ombe wa mtu ale mahindi yangu.

Niliwaacha wale.

Mama yako,
Bhoke