Nusu Doti

Jumanne.

Taya bado linauma, na yule kijana kaapa kurudi kesho na wenzake.

Chanzo ni programu ya simu ya duka letu la nguo, aliyoiandika binti yangu Zuhura. Humo, kwa lugha yao ya waandika programu, namba nzima ni “mtoto” wa namba za sehemu, anarithi kila tabia ya mzazi, hata kukatwa nusu. Kitenge sawa, tunakata kwa mita. Lakini khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili visivyotenganishwa! Kijana kaagiza zawadi ya harusi ya dada yake, kidole kikagusa nusu, mashine ikakubali, mfungaji mizigo wetu akakata, akatuma kipande kimoja. Dada kaaibika mbele ya wakwe.

Kijana akanitwanga ngumi. Nikamvunjia mita ya mbao mgongoni. Damu hadi kwenye vitenge.

“Lakini baba, kihesabu namba nzima ni sehemu vilevile,” Zuhura kasema, akinikanda taya kwa barafu.

“Sawa, msomi. Nawe mwanangu, mbona ngumi zangu hukurithi?”

Akaweka barafu chini. “Kesho kaa ndani. Nitawapokea mimi.”

Hapo ndipo nilipoogopa.