Musichana wa Taa Alikulaka Nini

Goma

Yaya Kahindo mupendwa,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na ule mutoto wenu wa mashavu. Afya iko namna gani huko Bukavu? Sisi tuko, Mama yuko, na mimi nazidi kuwa muzuri. Ukiniona utauliza ni kijana wa nani. Nakuandikia juu kwa telefone unaliaka mpaka unite ya kuongea inaisha, na maneno ya leo hayataki kukatwa.

Unakumbuka kile kitabu ulichoniachia ulipoolewa? Cha mufalme Yorumu aliyeingia ndani ya ukungu juu ya nyoka mwenye mabawa, na musichana Tesali aliyebaki kwa mulango wa muji, akilinda taa isizimike mpaka mufalme arudi. Nimekirudilia. Usicheke. Wenzangu tunaosukuma nao mizigo kwa chukudu za mbao wanauliza mutu aliyeachia masomo njiani anasomaka nini. Nikawajibu kwamba Kifaransa cha kitabu nakitelemusha sawa vile natelemusha viazi toka Kibumba, bila breki. Kweli, kurasa zingine nazirukaka, lakini vita zote nazijua kwa kichwa.

Shida ni kwamba safari hii kitabu hakinikalishi. Zamani nililala nacho. Sasa nasoma kidogo, nasimama, nakwenda mpaka Munigi bila kazi, narudi, nafungua tena. Yorumu ananikasirisha. Ana upanga, ana nyoka, na hata siku moja hageuzi shingo kuuliza nyuma kuko nini.

Nikaanza kumusomea Mama akichambua maharagi, nikimugeuzia kwa Kiswahili. Vita niliziongeza chumvi. Yorumu wangu anapiganaka kuliko wa kitabu. Jirani yetu Mama Dancille akaja na kiti chake, akasema ningekuwa pasta kama singekuwa muongo. Mama peke yake hakucheka. Nilipofika mwisho, pale ukungu unatikisika na taa bado inawaka, nikangojea wanisifu. Mama akauliza: "Na ule musichana wa taa, miaka yote ile alikulaka nini?"

Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema basi aliyekiandika hajangojea mutu.

Nilibisha, unanijua. Nikarudi kutafuta katika zile kurasa ninazoruka. Hakuna. Hakuna hata mutu wa kumupokea taa aende kuoga. Wanasema tu alikuwa mwaminifu, na nywele zake zikawa nyeupe.

Yaya, sasa nifike kwa neno lenyewe. Tangu Papa apande lori ya Butembo na ile lori isionekane tena, hatujafanya kilio. Mwili hakuna, na baba mudogo Donat alisema bila mwili ni watoto ndio wanatoa ruhusa. Mimi nikakataa, nikasema atakayetamka kwamba Papa amekufa, ngumi yangu itamujibu. Kila jioni Mama anafunika sahani ya Papa, asubuhi naila mimi, nasema muzee ananilisha vizuri hata akiwa mbali. Niliona ni kuchekesha. Lakini Mama hawezi kuvaa nguo ya mujane, wala kukaa na wajane wenzake kanisani, juu watu wote wanamuita bibi ya mutu aliye safarini.

Juzi, akifunika ile sahani, akaniambia pole pole: "Cédrick, nimechoka kulinda. Muniache nimulilie bwana yangu."

Nikajibu ndiyo. Mimi, na huu mudomo wote. Kisha nikasukuma chukudu mutupu mpaka Kibumba. Wenzangu wakauliza nimebeba nini, nikageuza, nikatelemuka na breki, jambo ambalo hawajaona bado. Mpaka sasa lori ikilia barabarani miguu inatoka inje mbele yangu. Na ndiyo yangu peke yake haitoshi, yaya. Wewe ndiwe mukubwa. Panda mashua, njoo. Ukitaka kukataa, sitakulaumu, lakini uje ukatae mbele ya macho ya Mama.

Baba mudogo Donat anakusalimu. Mama Dancille anauliza kama bado unapikaka majani ya sombe bila chumvi. Busu kwa mutoto, na shemeji umwambie asiogope, sitamuomba viatu mwaka huu.

Barua zangu zote niliandikaka hapa chini kwamba Papa na Mama wanakusalimu. Leo nimeshika biki muda murefu.

Mama anakusalimu.

Mudogo wako,
Kambale Cédrick