Fomu Iko Chini ya Sahani

Mdogo wangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto na usiyaunguze kama juzi. Mama akirudi, mkumbushe dawa.

~~Chukua tu kozi ya mwaka mmoja kama mimi.~~

Asubuhi nilikwambia mkopo wa kozi ya unesi ya miaka miwili utakunyonga. Nilikudanganya. Nesi mwenye cheti hicho analipwa mara mbili yangu, deni utalimaliza mapema. Mimi niliyesoma mwaka mmoja sikukopa, na huu mwaka wa tisa bado namwaga mabeseni wodini. Wivu tu ulinishika, nikikuona unakuja kuwa bosi wangu.

Fomu ya mkopo iko chini ya sahani. Nimeshasaini pa mdhamini. Ila siku utakayonituma beseni, anza na shikamoo.

Dada yako