Sauti ya Mama Ilikuwa Ndani ya Kompyuta Yako

Baba,

Tangu tukuzike kijijini Petta sijakuandikia neno, na kuandika ndiyo kazi yangu. Nimeandika habari za malori yaliyokwama mpakani, za mahindi yaliyozuiwa yakaoza, za watu waliosombwa na maji tukaitwa kuwatambua. Yako imenishinda mpaka leo. Nitaieleza kama ninavyoeleza nyingine, jambo moja baada ya jingine.

Kompyuta ile uliinunua ulipoacha uwakala wa forodha. Kwa miaka mingi ulikuwa unajaza karatasi za madereva upande wa Uganda, ukibeba mafaili kwapani kutoka dirisha hadi dirisha, kisha karatasi zikaingizwa kwenye mashine na vijana wakachukua viti vyenu. Ulisema unataka kukijua kitu kilichokufukuza kazi. Ukaenda Busia ya Kenya ukarudi na kasha la kijivu la mtumba, limefungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira, na ubavuni lina alama ya gundi palipokuwa na jina la shule fulani ya ng'ambo. Mama aliuliza kama umeleta friji ndogo au jeneza la mbuzi.

Ulinikalisha chini nikufundishe. Hukutaka kuanza na kuandika barua kama wanafunzi wengine. Ulitaka kwanza kujua kila tundu la nyuma linapokea nini, na kila kinachozunguka mle ndani kinazunguka kwa sababu gani. Ulizoea kukagua mzigo kabla ya kutia sahihi. Nilikuonyesha mwanya wa mbele wa zile diski laini ambazo hata wakati ule hakuna aliyezitumia, na chini yake trei ya sidii inayotoka ukibonyeza. Ulibonyeza, ikatoka, ikarudi, ukasema inafanana na droo ya kaunta ya forodha, inafunguka haraka ila haikupi kitu.

Kisha macho yakaanza kwenda. Ilikuwa presha ya macho, ile isiyouma. Mpaka tulipoelewa kwamba hukuwa mzembe wa kumwaga chai, bali hukuiona meza, jicho moja lilikuwa limezimika na la pili linafuata. Mama alikushika mkono kwenda kila mahali, akikutania kwamba zamani ulimzuia njia mpakani, sasa yeye ndiye geti lako. Halafu akatangulia yeye. Aliugua kwa muda mfupi, tukampeleka hospitali Masafu kwa sababu alitaka kuwa karibu na ndugu zake Wasamia, na hakurudi. Tulimzika kwenu Petta, kama mila ya Wajopadhola inavyotaka kwa mke.

Sauti yake ilibaki, na ilibaki kwa bahati. Nilikuwa nimemrekodi kwa kipindi cha redio kuhusu wanawake wanaovusha samaki wakavu mpakani. Kituo kilikuwa na desturi ya kufuta rekodi ili kupata nafasi, na yake ilifutwa kama zote. Lakini kipindi kile nilikihariri sebuleni kwako, kwa hiyo mahojiano yote yalikuwa yamelala kwenye diski ya kompyuta yako. Nilikuchezea rekodi hiyo wiki ile ile ya matanga. Unakumbuka anavyoanza.

"Mimi nakwenda na samaki yangu, polepole. Huyu mwanaume anasimama mbele yangu kama geti. Anakataa nisipite. Jioni nasikia hodi. Ni yeye. Anataka kununua ile samaki yenye alikataza."

Na nyuma yake, mbali na kinasa sauti, unasikika wewe ukisema, "Mwongo huyo." Mama anacheka. Ulinitaka nirudishe hapo, nikarudisha, ukataka tena.

Niliposema nitanakili kwenye flashi, nikuletee na redio ndogo uisikilize kitandani, ulikataa. Nilidhani unabisha tu. Ulinieleza kwamba ulikuwa unapita kwenye vile vibanda vya kuweka nyimbo kwenye simu, ukasikia kilio cha mjane mmoja uliyemfahamu, kilichorekodiwa kwenye mazishi ya mumewe, kinachezwa kwa spika kubwa katikati ya nyimbo za kucheza. Mwenye kibanda alisema wateja wanakipenda. Mwanamke mwenyewe alikuwa ameshakufa.

"Mama yako alitembea barabara hii maisha yake yote," uliniambia. "Sasa amekaa. Asitoke humu ndani."

Nilitii. Ningeambiwa leo ningetii tena, kwa hiyo hapo sina la kujutia. Mtu ana haki ya kusema mkewe asikike wapi.

Basi ikabidi ujifunze upya, safari hii kwa vidole. Nilipanga mashine ikimaliza kuwaka ianze kumchezesha yenyewe, usiguse kitu. Lakini ulikuwa na jirani mmoja mkubwa kuliko wote, nayo ni radi. Huku kwetu kuanzia Tororo mpaka Busia wingu likikunjamana kila nyumba inachomoa nyaya, na ulikuwa huwezi kumngoja Mama Nekesa wa nyumba ya pili aache biashara yake ya mandazi aje kukuchomolea na kukuchomekea. Nilizungusha kasha, mgongo ukakuelekea, nikakuongoza mkono.

Juu kabisa, waya mnene wa umeme, wenye meno matatu. Chini yake matundu mawili ya mviringo yanayofanana, la kibodi na la mausi, yenye sindano ndani, ukilazimisha zinapinda. Kisha lile pana la skrini lenye skrubu mbili. Hapo ulinisimamisha ukauliza skrini ni ya nini kwa kipofu. Tukaing'oa, ukampa Nekesa binti wa jirani, ambaye hakuwa na kompyuta ya kuiunganisha. Aliiweka juu ya kabati ikafunikwa kitambaa. Halafu vile vinywa bapa vya flashi, ambavyo ulivipita haraka kama mtu anayepita nyumba ya adui. Kisha tundu la waya wa intaneti, tupu. Mwisho yale matatu madogo ya sauti yaliyopangana, ambayo wenye macho huyajua kwa rangi. Wewe ulidondosha tone la nta chini ya lile la spika, na kwenye waya wake ukafunga kipande cha waya wa sili ya lori, uliyokuwa nayo mfukoni miaka yote. Ulisema mzigo umefungwa rasmi.

Siku hiyo nilifungua pia ubavu wa kasha. Mashine ilikuwa inawaka na Mama alikuwa anaongea. Nilishika kidole chako nikakiweka juu ya diski.

"Yumo humu," nilisema.

Uliacha kiganja hapo mpaka maneno yake yakaisha. Ulisema tu kwamba pana joto.

Na nilikuonyesha swichi nyekundu. Ipo karibu na waya wa umeme, ndogo, imezama ndani kidogo, inasukumwa kwa ncha ya bisibisi. Mashine za mtumba zilizotoka kwenye nchi za umeme mdogo huja nayo: upande mmoja imeandikwa 115, upande wa pili 230. Wewe uliijua kabla yangu, kwa sababu Busia yote inaijua. Umeme unapofifia, balbu ikiwa nyekundu kama kaa na mashine zikagoma, wachapaji wa mjini husukuma swichi kwenda 115 na mashine inaamka. Ni hatari, na kila mmoja anajua ni hatari, kwa hiyo mtu mmoja huwekwa kutazama balbu. Ikianza kung'aa anapiga kelele, waya unachomolewa kabla umeme wote haujaingia. Ujanja huo umeiponza mitambo mingi, lakini kazi za watu hazingoji. Sikukuambia usiguse. Wewe mwenyewe ulicheka ukasema, hiyo ni kazi ya wawili, mmoja wao awe na macho.

Ndugu zako walikuwa wanakutaka Petta. Walikuja mara kwa mara, wakisema si vizuri mzee kukaa peke yake mjini wakati mkewe amelala shambani. Uliwajibu kwamba yule wa shambani haongei. Nyumba ya Petta haikuwa na umeme. Kuhamia huko maana yake ilikuwa kumwacha. Walidhani umerukwa na akili. Mimi niliandika habari zangu na kukuletea dawa za macho ambazo hazikuwa na kazi tena.

Yaliyotokea siku ile niliyapata kwa Mama Nekesa, na nilimhoji kama ninavyomhoji shahidi yeyote, naye alikasirika kidogo. Umeme ulikuwa hafifu tangu asubuhi. Alikusikia ukiwasha na kuzima, ukiwasha na kuzima. Alikuja akakuambia, "Mzee, pumzisha hiyo kitu, kesho iko." Ulimjibu kwa adabu, ukamtuma akuletee sukari dukani. Alisema sukari ilikuwepo nyumbani kwako, aliiona juu ya meza, lakini hakutaka kumbishia mzee. Alikwenda.

Aliporudi alisikia sauti ya Mama kupitia ukutani. Alifurahi, akaketi barazani kwake kukanda unga. Alisikia habari ya geti na samaki, akasikia na ile ya mvua iliyowakuta madarajani, mpaka karibu na mwisho, pale Mama anaposalimia wasikilizaji. Kisha balbu ya barazani kwake, ambayo ilikuwa nyekundu, ikawa njano, ikawa nyeupe. Aliita jina lako. Alisikia mlio kama wa gunia la mahindi linaloangushwa, na harufu ikaja hadi kwake. Alikukuta umesimama, waya wa umeme uko mkononi, umeshauchomoa. Ulikuwa umeusikia mvumo wa feni ya mashine ukipanda. Ulichelewa kidogo tu.

Nilipofika nilikuta swichi nyekundu iko kwenye 115. Niliing'oa ile diski nikaibeba kwenye kitambaa. Fundi wa kwanza upande wetu aliiunganisha kwenye mashine yake, haikuzunguka. Fundi wa pili, ng'ambo ya Kenya, kijana mwenye maneno mengi, aliniambia, "Madam, hii imeenda, lakini acha niiskize kwanza." Aliiweka sikioni. Alibadilisha kibao cha umeme cha chini yake kwa kingine kinachofanana, akajaribu tena, kisha akaifunga upya kwenye kitambaa changu. Aliuliza kulikuwa na nini. Nilisema mahojiano ya kazi.

Nilikukuta umekaa kwenye kiti chako, kasha limegeuzwa mgongo kama kawaida. Nilikuuliza kama ulijua umeme ungeweza kurudi.

"Nilijua," ulisema. "Kila siku najua. Leo nilitaka kumsikia."

Nikauliza kwa nini ulimtuma Mama Nekesa dukani, yeye ndiye mwenye macho. Ulisema angekukataza. Kisha ukasema, "Sasa nipeleke Petta."

Nilikukasirikia, Baba. Sikuonyesha, kwa sababu mtu hamkaripii kipofu aliyepoteza kitu cha mwisho, lakini hasira ilikuwepo, na sehemu yake ipo bado. Sauti ile ilikuwa ya mkeo. Ilikuwa pia ya mama yangu. Uliamua peke yako ikae mahali pamoja, ukaamua peke yako kuiweka hatarini, na mara zote mbili niliheshimu uamuzi kwa sababu ulikuwa wako. Najua ungejibu nini. Ungesema ulichelewa kumzuia kufa, basi hukutaka kuchelewa kumsikia. Labda ungesema kitu kingine kabisa. Nimeanza kukutungia majibu, jambo ambalo katika kazi yangu ni kosa la kufukuzwa.

Petta walikupokea vizuri. Walikujengea kibaraza upande wa kaburi lake. Nilikuja nikakukuta unasema peke yako, maneno ya Mama yote, moja baada ya jingine, na mapumziko yake, na pale anapokohoa wewe unakohoa. Niliketi. Ulipomaliza niliomba tuanze tena, simu yangu iwe inarekodi. Nilikuambia hata kama si yeye, angalau mpangilio ungebaki.

"Mimi si yeye," ulisema. "Weka hiyo simu."

Niliirudisha mfukoni. Baada ya muda si mrefu nikaitwa kuja kukuzika, ubavuni mwake. Watu walisimama kueleza ulivyokuwa, mmoja akasema uliharibiwa na mashine, na hakuna aliyembishia, hata mimi.

Sikuandiki ili nikulaumu. Maneno yake ninayo, nimeyaandika yote ninayoyakumbuka, na ni mengi. Lakini yameanza kuhama mahali pake. Jana nilikuwa najaribu kusikia kichwani pale kwenye samaki, nikashindwa kujua kama wewe ulisema "Mwongo huyo" kwanza, ndipo akacheka, au alianza kucheka yeye, ndipo ukasema. Nimejaribu namna zote mbili, na zote zinasikika kama kweli. Mama Nekesa hakumbuki. Ungekuwepo wewe ningekuuliza.

Kaa naye salama, Baba.

Binti yenu