Namba ya Mgongoni

Ufini, 9 Novemba 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima na goti limepungua kuuma. Mimi sijambo, alhamdulillah, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia mpaka ndani ya soksi. Nakuandikia kama ulivyoniamuru, barua kamili yenye salamu, si vijineno vya kwenye simu.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni kuwa timu imenipa mkataba wa miaka miwili. Mtoto wako wa Ibra, aliyejifunza kuteleza kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha Maskati, sasa analipwa kucheza hoki kwa miaka miwili zaidi.

Ya pili nakwambia mwenyewe kabla hujaletewa na watu. Kijana wa timu nyingine, jina lake Aapo, miaka kumi na tisa, ameumia shingo tulipogongana kwenye ubao wa ukingoni. Nilikuwa namwendea, nikateleza. Kamati ya nidhamu ya ligi imenihoji, nimewaeleza hivyo hivyo, wamenifungia mechi tano. Ni ajali, Shangazi. Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo.

Mwanao,
Sami


Ibra, 21 Novemba 2024

Mwanangu Sami,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti langu ni lile lile, linatabiri mvua ambayo hainyeshi. Alyaa binamu yako anakusalimu na anataka umletee chokoleti, si koti jingine.

Hongera kwa mkataba, Mwenyezi Mungu aubariki. Jana Jumatano nimepeleka kofia zangu kwenye soko letu la wanawake, na kabla sijafungua kifurushi, jirani yangu Shukriya keshanitolea simu. Mgongano wenu umeshafika hapa. Kuna waliosema mtoto wa Tamima kampiga mtu. Nikawaambia mtoto wangu hapigi mtu, kateleza, barafu ile hata paka angeteleza. Nimewaambia wote, mmoja mmoja.

Sasa nisikilize. Umekwenda nyumbani kwao? Kuteleza si dhambi, lakini shingo ya mtoto wa watu imeumia. Marehemu baba yako alipomgonga mtu kwa gari njia ya Al Mintirib, alikwenda kwao siku ya pili na wazee wanne. Wakaletewa kahawa, wakaviweka vikombe chini. Mgeni asiponywa, mwenye nyumba hufahamu kaja na haja, humwuliza. Kaka yangu akasema kosa lake lote, hakupunguza. Alipokwisha, yule bwana akamwambia, "Kunywa kahawa yako." Hapo ndipo aliposamehewa.

Wewe huko huna wazee wa kufuatana nao. Nenda peke yako, lakini nenda.

Shangazi yako,
Tamima


Ufini, 5 Desemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Mimi mzima.

Nimekwenda. Mama yake Aapo akaleta kahawa, nikaweka kikombe chini kama ulivyosema. Nikaeleza. Akasema, "Mwanangu, ajali haina kinga, kunywa kahawa yako." Nikanywa. Basi yamekwisha, usiwe na wasiwasi.

Mechi tano zimekwisha pia, Jumamosi narudi uwanjani. Niombee dua.

Mwanao,
Sami


Ibra, 2 Januari 2025

Sami,

Marahaba. Hatujambo.

Barua yako ilinifurahisha hata nikakaa chini kumshonea yule kijana kofia ya viua, yenye vitundu vya kudarizi, kwa sababu mtu akishakusamehe haifai kumwacha mikono mitupu. Nikamwomba Alyaa amtafute mama yake kwenye simu, amwandikie kwa Kiingereza kuwa nashukuru kwa kumpokea mwanangu na kumnywesha kahawa, na anipe anwani yao.

Alijibu siku ile ile. Alyaa akakaa na simu mkononi, hataki kunisomea. Nikamlazimisha. Mama wa watu kaandika, "Bibi, nadhani umekosea nyumba. Kwetu hajaja mtu. Tulitamani aje."

Nimeona haya, Sami, haya ambazo sijaziona tangu nizaliwe. Nimembishia hodi mama mwenye mgonjwa ndani, nikamshukuru kwa jambo ambalo hakulifanya. Na mimi ndiye mjinga. Nilipaswa kushtuka pale Mfini aliponena kwa methali yetu.

Lakini sikusemi kama mtu safi. Ile siku ya sokoni kuna jambo sikukuandikia. Shukriya aliponionesha simu, sikutambua bado kuwa ndiyo ile ajali uliyoniandikia, nilikuona umemgonga akaanguka, nami nikapiga kigelegele. Wenzangu wakaniitikia, soko zima likageuka. Yule mtoto kalala kwenye barafu hanyanyuki, na mimi kigelegele. Mpaka leo nikikumbuka nafunika uso hata nikiwa peke yangu jikoni.

Usiniandikie mpaka uwe umekwenda kweli.

Shangazi yako,
Tamima


Ufini, 17 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama bado unaipokea shikamoo yangu.

Sikuandika kwa sababu sikuwa nimekwenda. Mara tatu nilipanda basi nikashuka njiani, nikarudi kwa miguu kwenye theluji. Jana nilifika.

Mama yake alinifungulia, akanijua, akaniweka jikoni. Akamimina kahawa. Nikaweka kikombe chini. Wafini ni watu wa kahawa, akashangaa, akaniuliza kama dini inanikataza. Nikamweleza desturi yetu. Akasema, "Basi haja yako si kwangu," akamwita Aapo.

Amefungwa kitu kigumu kutoka kidevuni mpaka kifuani. Hawezi kugeuza kichwa, anageuka mwili mzima. Alikaa mbele yangu akasema ana swali moja tu. "Uliiona namba yangu?"

Nikueleze. Namba yetu kubwa huwa mgongoni. Huku mtoto wa miaka sita akianza mchezo huu, jambo la kwanza analofundishwa ni hilo: ukiiona namba ya mwenzio, amekupa mgongo, hakuoni, jizuie.

Shangazi, sikuteleza. Kocha aliniambia nikamtulize yule wa namba kumi na saba, yaani Aapo. Hakuniambia nimvunje. Niliiona ile kumi na saba waziwazi, na badala ya kujizuia nikaongeza mwendo. Nilikuwa nakaa benchi wiki baada ya wiki, nilitaka waseme Sami ni mtu wa kutegemewa. Wakasema kweli, na mkataba ukaja wiki ile ile. Nilikudanganya wewe, nikaidanganya kamati.

Nikamjibu, "Niliiona."

Mama yake aliinuka akasimama dirishani. Aapo akageuka mwili mzima kumtazama. Kisha akasema madaktari wamemwambia hatacheza tena, si msimu huu tu, na kwamba miezi yote hii alikuwa akijilaumu, akidhani labda yeye ndiye aliyegeuka vibaya. Alikuwa akiitazama ile video kila siku akitafuta kosa lake.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Sikusamehe. Waandikie kamati hayo uliyoniambia mimi." Nikaondoka, kahawa nikaiacha pale pale imepoa.

Barua ya kamati nimeiandika, iko mezani. Sijaipeleka. Nikiipeleka mkataba umekwisha, na pengine hakuna timu itakayonitaka popote. Sijui kazi nyingine. Naona haya hata kukuuliza, lakini nakuuliza. Nifanyeje?

Mwanao,
Sami


Ibra, 26 Februari 2025

Mwanangu Sami,

Marahaba, mwanangu, marahaba sana. Hatujambo, tunajitayarisha na Ramadhani. Goti linanisumbua kwa kuwa leo nimekaa chini muda mrefu, na nitakwambia wapi.

Leo ni Jumatano. Alyaa kanisihi nisiende sokoni, nikaenda. Nikatandika mkeka wangu, nikapanga kofia, nikangoja mpaka wote wamefika. Nikawaambia, "Mimi nilikwambieni mwanangu kateleza. Hakuteleza. Kamwona kijana kampa mgongo, akamvamia, na yule kijana hatacheza tena. Mimi nikampigia kigelegele, na nyinyi mkaniitikia."

Mmoja akakusanya vitu vyake akahamia upande wa pili. Shukriya alikaa anachezea pindo la leso yake, kisha akaniuliza bei ya kofia ya kijani. Nikamtajia. Hakununua. Sijauza hata moja leo, na uso unaniwaka mpaka sasa ninapoandika.

Lakini nimerudi nyumbani nimepika, nimekula sahani nzima. Sijala hivyo tangu mwaka mpya.

Nimekulilia, nisikufiche. Nimemlilia na yule mwana wa watu aliyekuwa akijitafutia kosa lisilo lake. Ile kofia yake nimeimaliza, ila siipeleki, hakuna aliyetusamehe. Itakaa kabatini.

Kitanda chako nimeshakitandika, maana ukiipeleka barua watakufukuza. Uniambie ndege inatua Maskati saa ngapi.

Shangazi yako,
Tamima